Akoromaye Hajalala

Alasiri moja, kwenye baraza la Ujiji, Kigoma, ninalolijua tangu utoto, kahawa ilikuwa ikipitishwa na mazungumzo yalikuwa ya mpira. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, alianza kutueleza habari ya penalti na hakuimaliza. Kidevu kilishuka kifuani, mdomo ukafunguka, na mkoromo ukaanza, mzito, wa kukwaruza, kama mtumbwi unaoburutwa juu ya changarawe. Kisha ukakatika. Hakukoroma, hakuvuta pumzi. Kikombe kikanifikia, nikanywa, kikaenda kwa jirani yangu, ndipo mzee akashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Baraza zima likacheka. "Mwacheni," akasema mmoja wetu, "mzee wetu kashiba, analala usingizi wa raha."

Nilicheka na mimi. Makala hii ni malipo ya kicheko kile.

Kicheko chetu kilikuwa na fikra ndani yake, na fikra hiyo ina mavazi mawili. Barazani huvaa msuli: kukoroma ni dalili ya usingizi mzito, ya shibe, ya utu uzima, mwanamume asiyekoroma hajafanya kazi ya kuchosha. Ofisini huvaa suti: kukatika kwa pumzi usingizini, ambako wataalamu hukuita apnia, ni ugonjwa wa Wazungu wanene, unataka maabara ghali na mashine ghali, na mkoa wenye malaria na kipindupindu hauna muda wa kuchunguza watu wanavyolala. Mwenye msuli na mwenye suti pengine hawajawahi kuketi mkeka mmoja, lakini wamefikia uamuzi mmoja: hapana haja ya kwenda kuangalia. Nasema wote wawili wamekosea, na kwamba Kigoma haina udhuru wa kukosea hivyo.

Tuanze na msuli.

Mtu anayekoroma kwa namna ya mzee yule hayuko katika usingizi mzito. Koo la binadamu, nyuma ya ulimi, ni bomba lisilo na mfupa wa kulishikilia. Misuli ndiyo inayoliweka wazi. Mchana misuli iko kazini, usiku hulegea. Kwa mtu ambaye njia hiyo ni nyembamba, kwa sababu ya mafuta ya shingo, ulimi mkubwa, taya fupi au mafindofindo, kulegea kidogo kunatosha kuta zikagusana. Nyonya uji kwa mrija laini uone mrija unavyojibana. Mkoromo ni sauti ya hewa inayopenya kwa taabu, na ukimya unaoufuata ni mlango uliojifunga. Kifua na tumbo huhangaika kuvuta, hewa haipiti, oksijeni ya damu inashuka, mpaka ubongo unapiga kengele na koo linafunguka kwa kishindo. Mwenyewe hajui lolote. Anarudi usingizini, na baada ya dakika moja au mbili mlango unajifunga tena.

Si kila mkoromo una ugonjwa huu. Wapo wanaokoroma na hewa yao ikapita usiku kucha bila kukatika. Ndiyo maana madaktari hawahesabu mikoromo. Huhesabu mikatiko: kila mara pumzi inapokoma kwa sekunde 10 au zaidi, pamoja na nyakati inapopungua kiasi cha kuishusha oksijeni au kumshtua mtu usingizini. Chini ya 5 kwa saa, mtu yuko salama. Kuanzia 5 ni ugonjwa mwepesi, kuanzia 15 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Mwenye mikatiko 30 akilala saa saba, amekabwa mara 210 kabla ya alfajiri. Kisha asubuhi tunamwamkia: umelalaje, umeamka salama?

Wengine huamka katikati ya usiku wakitweta, na kwa hao tumekwisha kutafuta mkabaji: jinamizi, jini, jirani mwenye husuda. Lakini jinamizi lina dalili zake. Akili imeamka, macho yanaona dari, mwili umeganda. Anayekatika pumzi ni kinyume chake: mwili unatapatapa na akili haipo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wala hafichi, hana habari. Aliyeona yote ni mwenzake wa kitandani, aliyekesha akisikiliza kama pumzi itarudi. Tunaye shahidi, ila hatujawahi kumwita.

Nimesema Kigoma haina udhuru. Sababu ni malale.

Ugonjwa huo, ambao jina lake lenyewe limetokana na kulala, ulitua kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Huenezwa na mbung'o, na kimelea chake kikifika kwenye ubongo huchanganya usiku na mchana: mgonjwa hukesha gizani na kusinzia juani, hata kijiko kikiwa mkononi, kisha hudhoofu na kufa. Mwaka 1906 Robert Koch, mtafiti Mjerumani, alikuja Afrika Mashariki akapiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria. Baada yake serikali ya Kijerumani ilifungua kambi za malale kando ya maziwa yote mawili, Victoria na Tanganyika. Vijana Waafrika waliajiriwa kupita vijijini wakipapasa watu shingo, wakitafuta tezi zilizovimba; majimaji ya tezi yakavutwa kwa sindano na kuwekwa chini ya hadubini. Vichaka vya ufukweni vikafyekwa. Waingereza nao, katika miaka ya 1930, wakawahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya mahali pamoja ili kuwaepusha na mbung'o, sehemu za Uha, nchi ya Waha, zikiwemo.

Siisifu kazi ile. Dawa ya wakati huo, atoksili, ilikuwa na aseniki ndani yake na iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Watu walikimbia, na walikuwa na haki ya kukimbia. Lakini katika mateso yale ulipatikana ujuzi mmoja ambao haukupaswa kupotea: kwamba kusinzia mchana kunaweza kuwa ugonjwa na si uvivu, wala shibe, wala mkono wa mtu, na kwamba ugonjwa wa namna hiyo haujitangazi. Lazima mtu atoke, aende kwa watu, aguse shingo. Wajukuu wa waliopapaswa shingo ndio sisi tunaomwona mzee akisinzia na kahawa mkononi, tukacheka.

Sasa suti. Huyu ana hoja nne, na zinastahili kujibiwa moja moja, kwa maana hazikutungwa na mjinga.

Ya kwanza: huo ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba ulielezwa kwao kwanza. Mwaka 1965 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila kundi kwa njia yake, walirekodi pumzi za watu waliolala wakaona zinakatika. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaupa jina. Hata hivyo, kwa miaka mingi Wazungu wenyewe waliudhania kuwa ugonjwa wa nadra, wa watu wanene kupita kiasi kama Joe, yule kijana msinziaji katika riwaya ya Pickwick aliyoiandika Charles Dickens miaka ya 1836 na 1837. Dhana hiyo iliangushwa na kuhesabu. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Terry Young na wenzake waliwachukua watumishi wa serikali ya jimbo wenye umri wa miaka 30 hadi 60, watu waliokuwa wakienda kazini kila siku bila malalamiko, wakawalaza maabara 602 kati yao na kuwapima usiku kucha. Mwaka 1993 walichapisha walichokiona: wanaume 24 katika kila 100, na wanawake 9 katika kila 100, walikuwa na mikatiko 5 au zaidi kwa saa. Waliokuwa na mikatiko pamoja na kusinzia mchana walikuwa wanaume 4 na wanawake 2 katika kila 100. Watumishi wale hawakuambukizwa ugonjwa mwaka ule. Walipimwa tu.

Nao unene si sharti. Huko Asia ya Mashariki wapo wembamba wengi wanaokatika pumzi kwa sababu ya umbo la taya na mifupa ya uso. Na Afrika? Watafiti wa Benin walipeleka vifaa vya kupimia usingizi kwa watu wa mjini Cotonou na wa kijijini pia, na ugonjwa waliukuta pande zote mbili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu wenye umri wa miaka 30 hadi 69 walio na apnia duniani, kuanzia iliyo nyepesi, wanakaribia milioni 936. Namba hiyo ilijengwa juu ya vipimo vya nchi 16 tu. Nchi nyingine zote zilipewa hesabu kwa kufananishwa na mojawapo ya hizo. Yaani tulikadiriwa tukiwa hatupo. Ukisema huu si ugonjwa wetu, unasoma daftari ambalo jina letu halijaandikwa, kisha unatangaza kwamba sisi hatudaiwi.

Tanzania si ngeni kwa utafiti wa usingizi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamevishwa saa za kurekodi usingizi na wanasayansi waliotoka mbali. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20, na katika siku zote hizo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja. Ni jambo la kupendeza, linaeleza jinsi jamii ilivyojilinda usiku na simba. Lakini swali lililowaleta wageni wale lilikuwa la binadamu wa kale. Mgonjwa wa presha wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, ana swali lake, na swali hilo halitaletwa na mgeni.

Hoja ya pili ni ya vipaumbele: malaria kwanza. Sitabishana na mtu kuhusu malaria. Nabishana na neno "kwanza", kwa sababu wagonjwa hawaji kwa foleni moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu. Miongoni mwao wapo ambao presha yao haisikii dawa. Tunawaongezea kidonge cha tatu, cha nne, tunawagombeza kwa chumvi, tunawashuku kwamba vidonge wanavitupa. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya wagonjwa 194 wa aina hiyo hiyo, wenye presha sugu na apnia kwa pamoja. Waliopewa mashine ya kusukuma hewa kwa wiki 12 walipata nafuu ya milimita 3.1 katika wastani wa shinikizo la saa 24, zaidi ya wasiopewa. Si muujiza. Ni ushahidi kwamba sehemu ya presha ile ilikuwa ikitengenezwa usiku, kooni, wakati sisi tunaitafuta kwenye chungu cha mchuzi. Na kumuuliza mgonjwa wa presha, "Mkeo anasemaje kuhusu usingizi wako?" hakupunguzi hata chandarua kimoja.

Watoto nao wamo. Mtoto anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi na shingo ameinyoosha nyuma, anatoka jasho, anakojoa kitandani akiwa ameshakua. Darasani anasinzia au hatulii, na mwalimu anamwita mtundu. Mara nyingi kisa ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua. Huko Marekani watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapasuliwa mapema, jingine likasubiri chini ya uangalizi. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Baada ya miezi 7, usingizi ulikuwa umerudi hali ya kawaida kwa watoto 79 katika kila 100 waliopasuliwa, na kwa 46 katika kila 100 waliosubiri. Tabia na raha ya maisha viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa katika mitihani ya umakini makundi hayakupishana sana. Itazame ile 46 vizuri. Karibu nusu ya waliosubiri walipona bila kisu. Utafiti wa kweli humzuia anayetaka kukata kila koo, na wakati huo huo humzuia anayetaka kuwaacha wote wakue nayo.

Na kuna barabara. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya katazo. Sisi wa mwisho wa reli tunajua maana ya safari ndefu. Kabla basi halijatoka tunakagua leseni, tunakagua tairi, tunampima dereva pombe. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba dereva mwenye apnia isiyotibiwa ana hatari ya ajali inayozidi maradufu ya mwenzake. Shingo ya dereva hatuipimi, na mkewe hatumuulizi.

Hoja ya tatu: hatuna maabara ya usingizi. Hapa suti inajiona imeshinda, kwa kuwa ni kweli kwamba polisomnografia kamili, ile ya kumlaza mtu usiku mzima huku ubongo, macho, moyo, pumzi na miguu vikirekodiwa, inataka chumba, vifaa na mtaalamu wa kukesha. Lakini sayansi ilikwisha kulivuka daraja hilo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Australia Kusini: wagonjwa 155 waliochujwa kwa maswali na kipimo cha nyumbani, kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walitibiwa na madaktari wa kawaida wa mtaani pamoja na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo, nusu wakaenda kwa mabingwa wa kituo cha usingizi. Miezi sita baadaye, nafuu ya kusinzia mchana kwa waliohudumiwa na wauguzi na madaktari wa mtaani haikuwa duni kuliko ya mabingwa. Wauguzi Kigoma tunao.

Maswali yenyewe ni machache. Frances Chung na wenzake wa Toronto waliyatunga na kuyachapisha mwaka 2008 kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji, maana mtu wa namna hii akipewa dawa ya usingizi au ya maumivu makali koo lake linaweza kufunga kabisa. Yako manane. Unakoroma kwa nguvu? Unachoka mchana? Kuna aliyeona pumzi yako ikikatika? Una presha? Uzito wako umezidi sana urefu wako? Umevuka miaka 50? Shingo yako imezidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Yote yanaulizika kwa Kiswahili na kwa Kiha, na kifaa pekee kinachohitajika zaidi ya mizani ya zahanati na kipimo cha presha ni futi ya fundi cherehani. Anayejibu ndiyo mara nyingi anavalishwa oksimita ya kurekodi kidoleni, analala nayo nyumbani kwake, na asubuhi mteremko wa oksijeni unasomeka kama meno ya msumeno.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaodhani dawa ni kununua vifaa na kuvigawa. Oksimita hupenyeza mwanga kwenye ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliopitwa na oksimita ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Shingo ya sentimita 40 ilichaguliwa Toronto. Ya hapa iwe ngapi? Dodoso lingine maarufu, lililotungwa na Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, linamuuliza mtu kama husinzia akitazama televisheni, au akiwa kwenye gari lililosimama kwa dakika chache katika foleni. Mvuvi wa Katonga, hapa kwetu ziwani, ana foleni gani? Yeye huvua dagaa usiku wa giza kwa taa, akarudi alfajiri, akalala juani katikati ya kelele za wanaoanika samaki. Akisinzia adhuhuri, ni kazi ya usiku au ni koo? Hakuna dodoso la Melbourne litakalojibu. Jibu litapatikana kwa kumpima yeye, msimu wa giza anapovua na siku za mbalamwezi anapopumzika nyumbani, na kulinganisha. Utafiti huo ungefaa kwa wavuvi wa ziwa zima, Burundi, Kongo na Zambia, na mahali pake ni hapa.

Hoja ya nne ndiyo wanayoipenda zaidi: hata tukiupata ugonjwa, mashine ni ghali, tena haziokoi maisha.

Mashine hiyo haina uchawi. Kabla yake, tiba ya apnia kali ilikuwa kumtoboa mtu koromeo. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walichapisha habari za wagonjwa watano waliolala usiku mzima bila kukabwa kwa kupuliziwa hewa puani. Mashine za awali alizitengeneza kwa mota ya kifaa cha kufyonzea vumbi. Hewa hiyo haimpumulii mtu. Inakaa ndani ya koo kama nguzo, inazuia kuta zisigusane. Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji, na mtoto yeyote wa ziwani anaweza kuielewa: zamisha mrija ziwani sentimita kumi, upulize mpaka povu lianze kutoka. Pumzi uliyotumia ndiyo sentimita kumi za maji. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20. Kanuni hiyo hiyo, kwa mrija uliozamishwa ndani ya chupa ya maji, inasaidia watoto njiti kupumua katika hospitali kadhaa za nchi hii. Hatuwezi kusema ni teknolojia isiyotufaa huku tunaitumia kwa mtoto wa kilo moja na nusu. Kuhusu umeme, mkoa huu ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na najua maana ya giza. Lakini mashine hiyo ikiachiwa hewa bila kipasha joto hutumia umeme mdogo kuliko balbu ya kizamani ya wati 60. Betri zinazowasha taa za kuvutia dagaa hukesha usiku kucha majini kila msimu.

Kwamba haziokoi maisha, ushahidi wao ni jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016, la watu 2,717 waliokwisha kuugua moyo au kiharusi na wenye apnia ya kati au kali. Kwa waliopewa mashine, vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi havikuwa vichache kuliko kwa wasiopewa. Ni kweli, na muuza mashine anayekuahidi kwamba hutapata kiharusi anakudanganya. Lakini wanaolitaja jaribio hilo huishia hapo. Washiriki walizivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku, yaani waliziacha kabla usiku haujafika katikati. Hata kwa uvaaji huo, kusinzia mchana kulipungua, huzuni ilipungua, na siku za kukosa kazi zilipungua. Tena waandaaji waliwaacha nje wale waliokuwa wakisinzia kupita kiasi na wale ambao oksijeni yao ilikuwa ikishuka vibaya, kwa sababu kuwanyima tiba kusingekuwa uungwana. Mzee wetu wa barazani, aliyelala katikati ya penalti, huenda asingekubaliwa kuingia katika jaribio lile. Basi lisitumiwe kumfungia mlango.

Wala si kila mgonjwa anahitaji mashine. Kuna wanaokatika pumzi wakilala chali tu. Hao hushonewa mpira mgongoni mwa fulana ili ubavu uwe ndiyo kawaida yao. Kuacha pombe ya usiku husaidia, kwa kuwa pombe hulegeza misuli ile ile. Kupunguza uzito husaidia, na mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya apnia, tirzepataidi, inayofanya kazi kwa njia hiyo ya uzito, kwa bei isiyo ya mkoa huu. Huko São Paulo, Brazili, wagonjwa 31 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2009: waliofundishwa mazoezi ya ulimi, kaakaa na koo kwa miezi mitatu mikatiko yao ilipungua kwa takriban asilimia 39. Uswisi walijaribu kwa watu 25 kupuliza didgeridoo, baragumu refu la wenyeji wa Australia, miezi minne, na wapulizaji wakapata nafuu. Hayo ni majaribio madogo, yanataka kurudiwa. Yarudiwe wapi, kama si mahali ambapo mashine ni adimu na kila tiba ya bei nafuu ingekuwa na thamani kubwa zaidi?

Kwa hiyo sidai maabara ya mabilioni. Nadai kwamba kliniki ya presha imwite shahidi wa kitandani. Nadai kwamba mtoto anayekoroma kila usiku apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla hajachapwa kwa kusinzia. Nadai oksimita chache za kurekodi na mashine chache za kuazimisha katika hospitali ya mkoa, Maweni, na watafiti wa vyuo vyetu waje kupima shingo za hapa kwa ridhaa ya wenye shingo, kwa lugha wanayoielewa, na majibu yarudi kwao. Hilo la mwisho tunalidai kwa sababu ya atoksili. Mara ya kwanza utafiti wa usingizi ulipofika ufukweni hapa, watu hawakuulizwa.

Siku chache baada ya kicheko kile nilipita kwa fundi anayeshona kanzu jirani na baraza. Nilimuuliza, kama utani, nani ana shingo kubwa kuliko wote mtaani. Hakufikiri. Alifungua daftari lake lenye vipimo vya wateja, akapitisha kidole, akanitajia jina la mzee, na kipimo, na kipimo cha kabla ya hapo. "Huyu," akasema, "kola yake nimeitanua mara mbili. Na akija kupimwa huwa namwambia asikae kwenye kile kiti, maana atalala." Nikainakili namba ile kwenye kipande cha karatasi, nikaenda nacho nyumbani kwa mzee. Nilibisha hodi, nikamwamkia mkewe shikamoo, nikamuuliza mumewe analalaje.

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."